Apia Niliyoijua Nikikunja Mashuka

Andika hivi ninavyosema, kitukuu wangu, wala usiniongezee mapambo. Mimi sikuingia darasani. Walipoanzisha masomo ya watu wazima pale kijijini nilikaa kwenye benchi siku mbili, nikaona mwalimu ni mdogo kuliko mwanangu na ananiamuru nitamke herufi kwa sauti kama mtoto, nikaondoka. Silisemi hilo kwa kujisifu. Nalisema ili atakayesoma ajue kwamba ninayoyaeleza kuhusu mji wa Apia sikuyapata kitabuni. Niliyapata kwa mtu aliyezaliwa huko, yeye ameshika ncha mbili za shuka na mimi nimeshika mbili.

Nilizaliwa Ngara, upande wa Kasulo, nikaolewa Biharamulo kwa Wasubi, juu ya kilima kimoja upande wa Kaniha. Mama mkwe wangu alinikabidhi migomba yake siku ya nne baada ya harusi, akanionyesha mmoja mmoja ni wa nani. Maana kwetu mtoto akizaliwa, kondo la nyuma halitupwi. Huzikwa shinani mwa mgomba: wa kiume kwenye mgomba wa pombe, wa kike kwenye mgomba wa kupika. Mkungu wa kwanza unaofuata huliwa na bibi mzaa baba kabla ya mtu mwingine yeyote, na tangu hapo mtoto huyo ana kwao. Niliyazika hivyo makondo ya wanangu watatu. Wawili walikufa wadogo, mmoja akakua. Baba yao alipofariki, tulimlaza kando ya migomba hiyo hiyo.

Kisha ikaja Operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Lori lilifika asubuhi, mgambo wakaezua paa, na sisi tukashushwa kando ya barabara, Runazi, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kilimani. Viwanja vilikuwa vimepimwa kwa kamba. Kila nyumba ilitazama barabara, na mahindi yalipandwa kwa mistari ambayo bwana shamba aliikagua kama anakagua askari. Sisemi kila kitu kilikuwa kibaya. Tulipata kisima, tukapata shule ambako mwanangu, ingawa alikuwa kijana mkubwa, alisoma jioni mpaka akaweza kuandika jina lake na langu, na tukaijenga zahanati kwa mikono yetu wenyewe. Nililima mahindi ya kijiji, nikalima mihogo na maharage yangu. Jambo moja nililikataa: kupanda mgomba. Niliwaambia wote walioniuliza kwamba shamba langu la migomba lipo, nami sina haja ya lingine.

Zahanati ilipoanza kazi nilipewa jukumu la kufua mashuka na kuchemsha maji. Muuguzi alikuwa mtawa aliyekuja kutoka misheni siku tatu kwa wiki. Tulimwita Sista. Wiki ya kwanza watu walibishana sana juu yake. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, nywele nyeusi nzito, mwili mkubwa wa mtu aliyelishwa vizuri. Wengine walisema ni Mhindi, wengine Mwarabu aliyebatizwa. Mzee mmoja aliapa kwamba ni Mtutsi aliyenenepa. Mganga wa zahanati, kijana mwenye maneno mengi aliyetoka Tanga, ndiye aliyemwuliza. Sista akachota maji akayatia kwenye beseni langu, akatumbukiza harage moja likatulia chini katikati, akasema beseni ni bahari ya Pasifiki, harage ni kisiwa, na ukingoni mwa harage ndipo ulipo mji wa Apia alikozaliwa. Kwetu kukipambazuka, alisema, kwao jua la jana linaelekea kuzama.

Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yangu wala ya mama yake. Tulikutana humo wote wawili kama wageni, tukisema polepole na kwa uangalifu, na labda ndiyo sababu nilishika karibu kila alichosema.

Alisema hapo kale Apia haukuwa mji. Vilikuwa vijiji vilivyojipanga kando ya ghuba, kila kijiji na baraza lake la wakuu wa koo, na nyuma ya nyumba kila ukoo ulikuwa na bustani ya magimbi na migomba. Mwamba wa bahari umeizunguka pwani, lakini mbele ya ghuba ile mwamba umekatika, meli inaweza kupita. Uwazi huo ndio ulioleta mji. Wazungu waliingia wakitafuta mafuta ya nazi, na Wajerumani wakawatangulia wengine kwa ujanja mmoja: waliacha kusafirisha mafuta kwenye mapipa yaliyovuja, wakaanza kununua nazi yenyewe ikiwa imekaushwa, waikamue kwao Ulaya.

Hapo nilimsimamisha. Mimi nazi sikuwa nimeiona. Mganga wa Tanga akachekea mlangoni.

"Bibi, hiyo ni mbata," akasema. "Nazi iliyokaushwa mpaka imesahau kwamba ilikuwa na maji. Kwetu tunalala nayo chumba kimoja."

"Ndiyo maana unanuka hivyo," nikamjibu, na Sista akacheka mpaka shuka likamponyoka.

Mbata ikajenga mji. Wajerumani walikata msitu nyuma ya Apia, wakapanda minazi kwa mistari mirefu iliyonyooka, na wenyeji walipokataa kuifanyia kazi wakaletwa watu wa visiwa vingine kwa mkataba, na baadaye Wachina. Jambo hilo halikuhitaji mfasiri. Baba yangu mdogo alikwenda manamba kwenye mkonge akarudi na kikohozi na blanketi. Niliuliza tu kama wale Wachina walirudi kwao. Sista alisema wengine walirudi, na wengine waliacha watoto, na kwamba nyanya yake mmoja alikuwa mtoto wa hao.

Alinisimulia pia kiburi cha wakubwa. Kulikuwa na wakati mataifa matatu yaligombania ghuba ile, kila moja likaleta meli zake za vita. Mawingu yakatanda, wenyeji wakavuta mitumbwi yao nchi kavu, na kila mtu aliyekuwa na macho akaona kimbunga kinakuja. Hakuna mkubwa aliyekubali kuondoka kwanza, asije akaonekana amemwachia mwenzake mji. Kimbunga kikawakuta wote pamoja. Meli moja tu iliweza kutoka ghubani kwenda bahari kuu. Nyingine zikavunjwa mwambani, na wenyeji wakashikana mikono kwenye mawimbi kuwavuta mabaharia wa pande zote. Nilipenda sana kisa hicho. Nilimwomba akirudie mara nyingi.

Mjerumani akaondolewa kule katika vita ileile iliyomwondoa katika boma la Biharamulo. Waliokuja baada yake walitoka Nyuzilandi, na mwishoni mwa vita hiyo meli moja iliingia Apia ikiwa na wagonjwa wa mafua, na hakuna aliyeizuia. Familia nzima zilizikwa katika shimo moja. Kisiwa jirani kilifunga bandari yake, na kule hakufa mtu. Sista alipofika hapo alikuwa akikunja shuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alisema ndiyo sababu alisomea uuguzi.

Uhuru wao ulikuja wiki chache tu baada ya wetu. Wakarithi bandari, minazi ya Mjerumani iliyokuwa sasa mashamba ya serikali, kakao, na ndizi. Ndizi hizo zilinishangaza kuliko yote. Zilikatwa mbichi, zikapangwa katika masanduku ya mbao na kupelekwa Nyuzilandi, na siku ya meli mji mzima ulikuwa bandarini tangu alfajiri. Kisha vikaja vimbunga, ukaja na ugonjwa uliokunja majani ya migomba na kuenea kwa machipukizi ambayo watu walipeana kwa wema. Baada ya miaka michache hapakuwa na ndizi za kujaza meli. Vijana wakaanza kupanda meli hiyo wenyewe, wakaenda kufanya kazi viwandani Nyuzilandi na kutuma nyumbani sehemu ya mishahara yao.

"Basi mji ulikufa," nilisema.

Alisema hapana. Meli ilipokosa mbata ilichukua kakao, ilipokosa kakao ilichukua ndizi, ilipokosa ndizi ilichukua watoto, lakini nyuma ya kila nyumba magimbi yaliendelea kupandwa, kwa sababu kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kupita pale na jembe. Minazi ile ya mistari, yeye alisema, ilisimama vizuri sana na haikuwa na mtu chini yake. Nilimsikia. Sikudhani kwamba maneno hayo yananihusu.

Vita ya Kagera ilipoanza, ilikuwa mbali nasi kwa masikio, karibu kwa mambo mengine. Malori yalichukuliwa, chumvi ikatoweka dukani, sabuni ikawa kipande cha kukata kwa uzi. Sista alikosa petroli akaanza kuja kwa baiskeli, kanzu yake imefungwa magotini kwa kamba ya katani. Mwanangu alikuwa mgambo, naye akaitwa. Aliondoka na kundi la Runazi, akimwacha mkewe na mimba ya miezi minne.

Huyo mkwe wangu lazima nimweleze. Alikuwa binti wa Kirundi, amevuka mpaka na wazazi wake katika mwaka ule wa mauaji ya kwao. Wazazi walifia Ngara. Mwanangu alimkuta kijijini, akamwoa kijijini, na mimi sikupinga, ila sikumfungulia moyo. Alikuwa kimya na mchapakazi. Nilijiambia kwamba mtu asiye na kwao hawezi kunielewa.

Alijifungua zahanati, asubuhi, mtoto wa kike. Huyo ndiye mama yako. Nilikuwa nimejiandaa miezi yote: chungu kipya chenye kifuniko, majivu, majani ya mgomba niliyoyaomba kwa jirani. Sheria ya zahanati ilikuwa kwamba kondo litupwe katika shimo la nyuma. Nilimwambia Sista kwamba hilo la kwangu halitaingia shimoni. Nitalipeleka kilimani, kwenye migomba ya mume wangu, leo leo. Mganga wa Tanga akaanza kusema juu ya kanuni. Sista akamtuma kutafuta pamba.

"Hata kwetu hatutupi," aliniambia akinawa mikono. "La kwangu baba alilibeba kutoka hospitali ya Apia mpaka kwenye ardhi ya ukoo. Lakini ndugu yangu alipata mtoto kule Nyuzilandi. Alilizika nyuma ya nyumba ya kupanga, akapanda mlimau juu yake. Mama alipopata habari alilia wiki nzima."

"Alikuwa na haki."

"Kisha akaandikisha barua. Aliuliza neno moja tu, kama mlimau umeshika."

"Ndugu yako alikosa nauli, Sista," nikasema. "Mimi nina miguu."

Nilikuwa nimekwisha kuinua chungu wakati mkwe wangu alipozungumza kutoka kitandani. Hakupaza sauti. Alikuwa amemweka mtoto kifuani.

"Mama, mimi sijawahi kuingia kwenye migomba hiyo. Nikikaa hapa barabarani, na mtoto yuko hapa na mimi, nani ataupalilia mgomba wake?"

"Mimi."

"Na usipokuwepo?"

Nilikaza kifuniko cha chungu. Akaendelea, akimtazama mtoto, hakunitazama mimi. "La kwangu limezikwa Burundi. Pale sasa wanakaa watu waliotufukuza. Nimelilia, nimemaliza. Naomba la mtoto huyu liwe mahali ninapoweza kumwagia maji."

Nilimwambia alale, apumzike. Nikatoka.

Jua lilikuwa limepanda nilipofika kwenye kizuizi cha barabarani. Wakati ule wa vita vijana wa mgambo walipekua kila mzigo, wakiogopa wapelelezi na magendo. Walikuwa watatu, na bunduki moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Umebeba nini?"

"Kondo la mjukuu wangu."

Wakatazamana. Mmoja akasema wazee siku hizi wamejifunza kuficha gongo kwa majina ya kutisha, akaamuru nifungue. Nikafungua. Mwenye bunduki aligeukia upande wa msitu akaanza kukohoa, na yule mcheshi akarudi nyuma hatua mbili. "Pita, Bibi," hatimaye akasema. "Pita tu. Hongera." Niliwasikia wakishutumiana mpaka nilipopinda kona.

Kilimani sikuwa nimefika kwa muda mrefu. Kabla ya vita nilikuwa nikipanda kila mwezi, kufyeka na kuondoa majani makavu, lakini tangu mwanangu aondoke mashamba yote mawili ya kijijini yalikuwa juu yangu na mkwe mwenye mimba. Njia niliitambua kwa miguu, macho hayakuiona. Mahali pa nyumba palikuwa na magugu yaliyonipita urefu. Migomba ilikuwepo, na hilo lilinifurahisha, mpaka nilipoingia kati yake. Ilikuwa imesongamana, myembamba, inagombania mwanga. Na chini yake nguruwe pori walikuwa wamelima. Hawakuacha shina hata moja bila kulifukua. Pale nilipoyazika makondo ya wanangu palikuwa na mashimo mapya, udongo bado mbichi.

Niliketi juu ya jiwe la kusagia lililobaki uani, chungu mapajani. Nitakuambia nilichofikiri, kwa kuwa watu hudhani wazee hawafikiri, wanakumbuka tu. Nilifikiri kwamba nikilizika hapa sasa hivi, nguruwe watalifukua kabla sijafika barabarani. Nilifikiri juu ya minazi ya Mjerumani, mistari na mistari, bila mtu chini yake. Mimi nilikuwa nimewacheka watu wa kijijini kwa mistari yao ya mahindi, lakini kila asubuhi wao walipita pale na jembe. Huku kwangu hakupita mtu. Nilikuwa nimetembea saa tatu kumpa mtoto kwao mahali ambapo hapana mtu.

Sikulia. Niliinuka, nikaenda kwenye kaburi la mume wangu, nikaling'olea magugu yote kwa mikono na kumweleza kwa sauti nilichoamua. Kisha nikachimbua machipukizi matano ya mgomba wa kupika. Niliyachagua kwa uangalifu, nikikagua kila mzizi na kila jani nisije nikabeba ugonjwa, nikiyatupa mawili yaliyonitia shaka na kutafuta mengine. Nikayafunga kwa ganda la mgomba, nikajitwika kichwani, chungu mkononi, nikashuka.

Wale vijana wa kizuizini waliniona narudi. Yule mcheshi aliuliza kama chungu bado kimejaa. Nikamwambia ndiyo, na kwamba asipoondoka njiani nitamfungulia tena.

Mkwe wangu alikuwa ameruhusiwa, amekaa kizingitini, mtoto amelala. Aliona machipukizi kwanza, halafu chungu. Akasogeza miguu, nikapita. Nilikwenda nyuma ya nyumba, upande ambao maji ya kuogea hutiririka, nikaanza kuchimba. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja mbio, maana hakuna jambo lililompita.

"Mama, hapo umetoka nje ya mstari. Bwana shamba atasema."

"Aje aseme."

"Miaka mitano tunakuomba upande ndizi, unatukatalia. Leo unapanda katikati ya njia ya maji."

"Leo nimepata wa kumpandia," nikamjibu. "Shika hiki chipukizi, kinyooshe, acha kusimama kama mgeni."

Akakishika. Mkwe wangu alikuja polepole, mkono mmoja umeegemea ukuta. Nilimpa chungu. Kwetu kazi hiyo ni ya mama mkwe, hakuna anayemwachia mwingine, lakini nilimpa. Alipiga magoti, akaliweka mwenyewe shimoni, akalifunika kwa mikono yake, kisha akanisubiri nisindilie udongo kwa mguu. Balozi alivua kofia.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Mkwe wangu aliyamwagia machipukizi hayo maji ya mashuka niliyoyaleta kutoka zahanati, ndoo baada ya ndoo, mtoto mgongoni. Manne yalishika. Wanawake wa mstari wetu walipoona majani yamefunguka walianza kuja kuomba machipukizi. Niliwaambia wasubiri yazae, na kwamba nitayakagua kabla hayajatoka uani kwangu. Nikawasimulia Apia na ndizi zake mpaka wakachoka, lakini walisubiri. Ukipita leo nyuma ya nyumba zile utaona migomba, na hakuna aliyepanda kwa mstari.

Mwanangu alirudi vita ilipokwisha, amekonda, anazungumza kidogo. Mkungu wa kwanza ulikomaa akiwa nyumbani. Aliukata yeye. Mkwe wangu aliupika kwa maharage, akatandika mkeka, akaniletea sahani ya kwanza kwa mikono miwili kama inavyopasa, mwanangu akinitazama nianze ili mtoto wake awe na kwao.

Nilisukuma sahani mpaka mbele ya yule binti wa Kirundi.

"Kula wewe kwanza," nikamwambia. "Aliyeumwagia maji ni wewe."

Alikataa. Nikakunja mikono. Nimewahi kuambiwa kwamba mimi ni mkaidi, na siku hiyo nilikuwa. Mtoto alianza kuvuta ukingo wa sahani kwa vidole, ndizi zinapoa, mwanangu hajui atazame wapi. Mwishowe mkwe wangu akamega kipande, akakitia kinywani, akakitafuna huku machozi yakimtoka bila sauti. Ndipo nikanawa, na sote tukala.